Kenge wa Mkono wa Kulia

Kuna watu hupewa majina na wazazi, na wengine hupewa na maadui. Katika kikundi kile cha vikaragosi, watu walipewa majina na cherehani. Ukivaa mkononi kikaragosi cha tembo, basi wewe ni Tembo, hata uwe mwembamba kama njiti ya kiberiti. Na kweli Tembo wao alikuwa hivyo hivyo. Upepo ukivuma alitafuta nguzo ya kushika. Ukivaa kasuku unaitwa Kasuku, na mama aliyemcheza kasuku Mungu alikuwa amemjalia mdomo wa kutosha kasuku wanne. Jina likishakukaa halibanduki. Linakufuata dukani, kwa kinyozi, hata msibani. Mke wa Tembo alishasahau mumewe aliitwaje siku ya harusi, au alijifanya kusahau. Wake wana mambo yao, tuyaache.

Mwenye cherehani hiyo alikuwa mwanamke mmoja ambaye wote walimwita Fundi. Riziki yake hasa ilikuwa makochi na viti vya ofisini: anavua ngozi kuukuu, anabadilisha sponji, anavalisha mpya. Chumba chake cha kazi kilinuka gundi, na ukikaa vibaya unachomwa na pini mahali ambapo huwezi kumwonyesha mtu. Mabaki ya sponji na vitambaa ndiyo yaliyozaa wanyama wa kikundi. Mzee aliyekianzisha alikuwa ameacha sheria moja, wala haikuandikwa popote: anayeshona ndiye anayechagua mnyama. Wengine wana ruhusa ya kulalamika tu. "Anayechomwa na sindano," alisema yule mzee, "ndiye ajue anachomwa kwa ajili ya nani." Akafa, sheria ikabaki.

Sasa huyu Fundi alikuwa na kaka yake mkubwa, tumbo moja, na kaka huyo ndiye aliyekuwa Sungura.

Usicheke. Kuwa Sungura hakukuwa jambo dogo. Katika hadithi zote za kikundi, Sungura ndiye aliyewatia wenzake kwenye shimo na ndiye aliyewatoa. Alichezwa hivi: kidole cha shahada na cha kati vinaingia kwenye masikio, kidole gumba na kile kidogo vinaingia mikononi. Akishtuka, masikio yanasimama. Akidanganya, moja linalala. Mwisho wa onyesho masikio yote mawili yanasimama wima, kama askari aliyeona gari la mkubwa, na watoto wanapiga kelele hadi bati linatetemeka. Akipita mtaani watoto walimwita, "Sungura! Sungura!" naye alisimamisha vidole viwili juu ya kichwa, hata kama amebeba mkate wa chai. Alitembea na jina lile kama watu wengine wanavyotembea na cheo. Kondakta mmoja aliwahi kumsamehe nauli kwa ajili ya jina hilo, na habari hiyo aliisimulia mpaka kondakta mwenyewe akaiogopa.

Kisha mlango wa gari la kikundi ukamfunga mkono. Ulikuwa mlango wa kuteleza, kila mtu akijua kwamba hauna kizuizi, na kila mtu akimwambia mwenzake kwamba iko siku utamuumiza mtu. Siku ikafika. Ajali haina kinga, ila mlango huo ulikuwa nayo, ni kwamba hakuna aliyeinunua. Bendeji ilipofunguliwa, vidole vile viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekunjama, vimeinama kama watu wanaochungulia kisima, na havikutaka tena kunyooka. Daktari alisema vitafanya kazi zote za kawaida. Daktari hakuulizwa habari za masikio ya sungura.

Basi Sungura wa kitambaa akabaki masikio chini. Tembo akimwambia "Simba huyo!" zamani masikio yangeruka, sasa yalitikisika kidogo tu na kulala. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kubwa, katikati ya ukimya, "Mama, sungura amekufa?" Mkono wa kushoto walijaribu. Mkono ule maisha yake yote ulikuwa umezoea kubeba ndoo tu, na sungura wake alicheza kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Mkurugenzi wa kikundi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mpaka leo alizungumza na watu kana kwamba wamepanga mistari. Aliwaita kwenye ukumbi wa mazoezi, akasimama mbele ya pazia.

"Wanakikundi. Sungura anapumzika. Fundi atatushonea mnyama mpya wa msimu. Mnyama huyo akiufaa mkono wa kaka yake, vyema. Asipoufaa, nahitaji mtu wa kukata tiketi getini."

Geti lile wote walilijua. Ni kijitundu cha ukutani, jua lako na mvua yako, na kitu pekee ambacho watoto wanakiona kwako ni vidole vinavyochana karatasi. Sungura alitazama viatu vyake. Fundi alitazama vidole vya kaka yake. 

Wenzao ndio waliosema. Kila mtu ana mnyama wake moyoni, hilo nimelichunguza mwenyewe na sikuhitaji shahada.

"Twiga," alisema Mkurugenzi. "Wazazi wanapenda twiga."

"Twiga ana shingo ndefu na vidole hivyo havisimami," alisema Kasuku. "Atakuwa twiga aliyevunjika. Mimi nasema kipepeo. Kipepeo ni maua yanayotembea."

"Kipepeo atasema nini na simba?" aliuliza Tembo.

"Kwani tembo wako anasema nini? Si anapiga chafya tu miaka yote!"

"Chafya ile ni sanaa, mama," alisema Tembo, akiwa ameumia kweli.

Fundi aliwaacha. Jioni alikwenda kunywa chai kwa kaka yake, kama desturi yake, lakini safari hii hakwenda kuzungumza. Alikwenda kuangalia. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote: hakuanza na mnyama, alianza na mkono. Kwa Tembo aliangalia jinsi mkono wake mrefu ulivyoning'inia hadi sakafuni anapolala kitini. Kwa Kasuku hakuhitaji kuangalia sana, alisikiliza.

Mkono wa kaka ulikuwa juu ya meza. Uliitaka sukari. Haukwenda moja kwa moja, maana ulikuwa bado unaogopa kugongwa. Ulitambaa chini chini, kifundo kimeinuka, vidole vimejificha kwa ndani. Ulipofika karibu na birika la moto ulisimama. Ukainua kichwa. Ukatazama huku, ukatazama kule. Kidole gumba, ambacho kilibaki kizima na chepesi, kikachomoza, kikagusa meza, kikarudi ndani. Kisha ukasogea tena.

"Mbona unanikodolea?" aliuliza kaka. "Chai inapoa."

"Nakunywa, kaka."

Lakini alikuwa ameshamwona mnyama, na mnyama huyo alikuwa jirani yake. Nyuma ya chumba chake cha kazi ulipita mtaro, na kwenye mtaro huo aliishi kenge mmoja mnene. Kila mchana kenge huyo alipanda ukutani kuota jua. Alitambaa kwa kifua, akasimama, akainua kichwa, akatoa ulimi, akaurudisha. Hakuna aliyempenda. Mama wa nyumba ya pili alimrushia ndala kwa sababu ya mayai ya kuku wake. Wanaume walimtemea mate. Wasomi watabishana kama kenge ana masikio au hana. Mimi nasema anayo, ila ni ya ndani, kama ya mume aliyeambiwa akalete chumvi. Na hapo ndipo Fundi alipotulia: mnyama asiyekuwa na masikio ya kusimamisha.

Aliposema mbele ya kikundi kwamba mnyama wa msimu ni kenge, kwanza walinyamaza, wakidhani neno litafuatiwa na lingine. Halikufuatiwa.

"Kenge?" alisema Mkurugenzi. "Fundi, hata kwenye matusi kuna matusi ya kuchagua!"

Tembo alikaa chini ili acheke vizuri. "Msafara wa mamba, kenge wamo! Leo kenge kaja bila mamba!"

"Mtoto wa nani atanunua tiketi akaone kenge?" alisema Kasuku. "Mimi wangu wakikosa adabu ndiyo nawaita hivyo. Nikiwaambia twendeni tukamwone, watadhani tunakwenda kutazamana."

"Sheria ni sheria," alisema Fundi. Akafungasha futi yake ya tepe, akaondoka.

Mkurugenzi alikuna kichwa. Alikuwa na heshima kwa sheria, hata zile ambazo hazikuandikwa, tena hizo zaidi kwa kuwa hakuna mahali pa kuzifuta. "Sawa," alisema. "Tutawaita watoto wa chekechea ya jirani kwenye mazoezi. Wao ndio watakaoamua. Wakimkataa, kenge arudi mtaroni na mwenye mkono aende getini."

Ungedhani kaka mtu angefurahi. Hukumjua. Alikuja kwenye chumba cha cherehani siku ya pili, mkewe nyuma yake, akamkuta Fundi anashona ngozi bandia ya kijani kilichofifia, mabaki ya viti vya chumba cha kusubiria wagonjwa. Madoa ya manjano alikuwa ameyapiga kwa uzi, moja moja.

"Mdogo wangu," alisema, "nimekukosea nini?"

"Kaa, kaka. Kuna pini, angalia."

"Sikai. Wewe unajua katika kikundi hiki mtu anaitwa kile anachovaa. Mimi ni Sungura. Watoto wananiita Sungura, imamu ananiita Sungura, mchungaji ananiita Sungura. Leo unataka mtaa mzima uniite Kenge. Mtu akinitukana nitajuaje kama ananitukana au ananisalimu?"

"Utaangalia sura yake."

"Unaona?" Alimgeukia mkewe. "Anatania."

"Wifi, na mimi unifikirie," alisema mke, kwa upole, huku akijaribu kutocheka. "Niliolewa na sungura. Nikiulizwa mume yuko wapi, nijibu kenge wangu yuko kazini?"

Fundi aliinua mguu kwenye kanyagio la cherehani. Mashine ikanyamaza.

"Kaka, nyoosha vidole."

Hakunyoosha. Wote watatu waliutazama ule mkono, na ule mkono ukajificha nyuma ya mgongo.

"Twiga anataka kidole kinachosimama," alisema Fundi. "Kipepeo anataka mkono unaofunguka. Simba anataka mdomo mpana. Nimewapima wote. Huyu hataki kitu ambacho huna. Ukiwa na mwingine niambie, nitamfumua huyu sasa hivi."

Kaka alifikiri. Alifikiri kweli, ilionekana usoni. "Kobe," alisema mwisho.

"Kobe ni gamba. Gamba nikiliweka juu ya fimbo litacheza lenyewe. Wewe utafanya nini?"

"Basi nitakata tiketi," alisema. "Afadhali mkata tiketi anayeitwa Sungura kuliko msanii anayeitwa Kenge. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini hakuna aliyesema mhunzi apewe jongoo." Akatoka kwa hasira, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni, pini ikamchoma, na hilo halikusaidia.

Mke alibaki kidogo. "Atakuja?" aliuliza.

"Sijui, wifi." Fundi akakanyaga mashine. Na kweli hakujua. Alichojua ni kwamba kaka yake hakuwahi kukaa mahali ambapo watoto hawamwoni, na kwamba mtu wa namna hiyo ukimweka kwenye kijitundu cha ukutani atanyauka, atabaki kusimulia habari za kondakta tu mpaka kufa.

Siku ya mazoezi, watoto wa chekechea waliketi kwenye mikeka, wamejipanga kwa urefu, wengine bado wanatafuna kifungua kinywa. Kaka mtu alikuja, lakini alikaa pembeni karibu na mlango, miguu imekunjwa, kama mtu aliyepita tu kuomba maji. Kenge alikuwa mezani nyuma ya pazia. Alikuwa mzuri kwa ubaya wake: kichwa bapa, shingo yenye makunyanzi, ulimi wa utepe mweusi uliochanwa ncha na kufungwa kwenye kipande cha plastiki ambacho kidole gumba kilikisukuma.

"Nani anamvaa?" aliuliza Mkurugenzi.

Hakuna aliyejibu kutoka mlangoni. Basi Kasuku akajitolea, kwa kuwa Kasuku hakuwahi kuona ukimya asiujaze. Vidole vyake vilikuwa virefu na vilivyonyooka, na mfuko wa ndani wa kile kichwa ulikuwa umekatwa kwa mkono uliokunjama, kwa hiyo aliusukuma na kuusokota mpaka kenge akawa na nundu. Kisha akamwinua juu ya pazia, akaanza kumrusha huku na huku, akipiga kelele, "Mimi ni kenge, kenge, kenge! Hamjambo watoto!"

Watoto walimtazama. Mmoja akapiga miayo. Mwingine akamwambia jirani yake, "Ni soksi."

Pembeni pale, kaka mtu aliguna. Kasuku akazidi kumrusha. Kaka akaguna tena. Hii ndiyo shida ya mafundi wa kweli: waweza kuwatukana, waweza kuwanyima chakula, lakini usifanye kazi yao vibaya mbele yao.

"Mama," alisema akisimama, "kenge haendi hivyo. Huyo ni soksi yenye homa!"

"Basi njoo wewe, bingwa!"

"Vua."

Akaingia nyuma ya pazia. Fundi alikuwa amesimama pale na sindano mdomoni kwa ajili ya dharura, na hakumtazama usoni. Mkono uliingia bila kusukumwa. Vidole vilivyokunjama vilikuta nafasi yao chini ya koo, kifundo kikawa kipaji cha uso, na kidole gumba kikagusa ulimi.

Kwa muda kenge hakutokea. Watoto wakaanza kusukumana. Kisha ncha ya pua ikachomoza kwenye kona ya pazia, chini kabisa. Ikasimama. Ulimi ukatoka, ukarudi. Kichwa kikafuata polepole, kama mtu anayeingia kwenye nyumba ambayo anadaiwa. Kikatambaa juu ya ukingo. Kikasimama. Kikainuka, kikamtazama mtoto wa mstari wa kwanza, na mtoto huyo akasogea nyuma juu ya miguu ya mwenzake.

"Samahani," kenge alisema, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka. "Kuna mtu ameona yai langu?"

"Si lako!" mtoto mmoja alipiga kelele. "Ni la kuku!"

"Kuku alisema hivyo?"

"Ndiyo!"

"Na ulimwamini? Mtu mwenye manyoya?"

Wakaanza kucheka. Tembo, ambaye alikuwa na jukumu la kuku kwa siku hiyo, alisahau maneno yake, naye akacheka. Kenge akabishana na kuku, akashindwa, akakiri, akaomba radhi, akaliiba yai tena. Mkurugenzi alisimama mikono nyuma, na midomo yake ikatembea kidogo, kama mwalimu anayezuia kucheka mbele ya darasa.

Ndipo ukafika mwisho, na hapo mkono ule ukafanya kosa.

Miaka yote hiyo kila onyesho lilikwisha kwa masikio kusimama. Mkono haukukumbuka kwamba umebadilishiwa mnyama. Kenge alipoinama kuaga, vidole viwili vile, kwa mazoea, vilijaribu kusimama. Havikuweza. Vilisukuma kwa nguvu zote ngozi ya koo kutoka ndani, na koo la kenge likavimba, likawa kubwa kama embe, likatetemeka, likanywea. Nyuma ya pazia kaka mtu aliuma meno, maana iliuma. Alidhani ameharibu.

Mbele ya pazia kulikuwa kimya. Kisha watoto wote wakalipuka kwa wakati mmoja, wengine kwa hofu, wengine kwa furaha, na wengine hawakujua ni kwa lipi. "Tena! Kenge, tena!"

Akavimba tena. Wakapiga kelele tena. Mwalimu wao alilazimika kuwatoa mmoja mmoja kwa kuwavuta mkono, na walipokuwa wakitoka mlangoni bado walikuwa wakivimbisha mashavu.

"Getini," Mkurugenzi alisema kwa sauti ya tangazo, "tutatafuta mtu mwingine."

Kaka hakusema ahsante kwa mtu yeyote. Alimvua kenge, akamlaza juu ya meza, akapuliza vidole vyake. Walitembea kwenda nyumbani, yeye mbele, Fundi nyuma na mfuko wa kenge. Watoto wa mtaani, ambao habari huwafikia kabla ya upepo, walikuwa wameshajipanga. "Kenge! Kenge!" Hakusimamisha vidole juu ya kichwa. Hakuwafukuza pia. Alipita katikati yao, chini chini, kifua mbele, wala hakugeuka. Muuza maji alimwambia, "Habari za leo, Kenge?" Akamtazama sura, kama alivyoshauriwa, akaona ni salamu. "Salama," alijibu, kwa uchungu kidogo, na mlangoni kwake akauchukua mfuko kwa Fundi.

Asubuhi ya siku iliyofuata Fundi alikuwa akivalisha kiti cha kinyozi. Kaka aliingia bila kubisha hodi, akaangalia kwanza mahali pa kukaa, akakaa. Akatoa kitu kutoka kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka juu ya kiti cha kinyozi.

"Kenge wangu shingo imelegea," alisema. "Hapa, pembeni. Nikivimbisha, mshono unaachia. Utumie uzi wa makochi, usiniletee huu wa mashati."

"Umevimbisha wapi? Si mazoezi ni kesho?"

"Nilimwonyesha mke wangu."

"Akasemaje?"

"Akasema bado ananifahamu." Alitazama ukutani. "Kaza tu."

Fundi aliuchukua uzi wa makochi, akaulamba ncha, akatunga sindano ya mashine, akakanyaga. Sungura wa zamani alikuwa amening'inia kwenye msumari nyuma yao, masikio chini, hakuna aliyemtaja. Nje, kwenye mtaro, ndala ilipiga ukuta, mama wa nyumba ya pili akalaani. Kisha mtu akaita kutoka barabarani:

"Kenge! Wewe Kenge! Uko humo?"

Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio, akasubiri, sindano hewani. Kidole gumba cha kaka kilichomoza, kikagusa goti, kikarudi.

"Niko!" alijibu. "Nashonewa shingo. Subiri!"

Basi Fundi akakanyaga mashine.